Mchezaji Asiyeguswa

Mwezi wa tatu mwanangu Dancan aliruka kuupiga mpira kwa kichwa, na beki wa timu pinzani akaruka naye. Vichwa vikakutana. Dancan akaanguka kama gunia, na alipozinduka alimwuliza daktari wa timu kama mahindi yameshavunwa.

Mimi sikuwepo. Timu yake iko Riyadh, daraja la pili, na mimi niko Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, ninakosimamia jiko na watoto wa Madam Hanan. Kati ya miji hiyo miwili kuna jangwa la kutwa nzima kwa basi. Nilimwona kwenye simu akianguka, mwiko ukiwa mkononi mwangu. Nilizima jiko, nikapiga magoti pale pale kwenye vigae, nikaomba, nikawasha jiko tena. Watoto walikuwa hawajala.

Baadaye daktari alinipigia. Alisema ubongo ulitikisika, lakini atapona. Ila akigongwa tena kabla hajapona sawasawa, huenda asicheze tena, na huenda mambo yasiishie kwenye mpira. Alisema hayo kwa Kiarabu, polepole, nami nikamwambia arudie ili niwe na hakika. Akarudia bila kununa. Si madaktari wote hurudia.

Ligi ilipokwisha, klabu ikaleta kocha mpya, Mtunisia anayeitwa Mourad. Wachezaji waliporudi kujiandaa kwa msimu ujao, jambo la kwanza alilofanya ni kuwakataza kuumizana. Hakuna kusukumana kwa bega, hakuna kuteleza miguuni mwa mwenzako, na mpira wa juu uachwe udunde kwanza. Alisema miili yao ataihitaji ligi ikianza; kuivunja mazoezini ni kazi ya mtu asiye na kazi. Wiki zilivyosonga akaanza kuwaruhusu wakabane, kidogo leo, kidogo zaidi kesho. Lakini wachache aliwavalisha fulana nyekundu. Mwenye nyekundu haguswi na yeyote. Wala haruhusiwi kucheza mahali pengine popote mpaka fulana imtoke, na anayevunja sharti anafungasha virago.

Dancan alipewa nyekundu. Mimi nikamshukuru Mungu. Yeye akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Mathe, wameniacha."

"Nani amekuacha?"

"Kocha. Hakuna anayenigusa. Nikipata mpira watu wananifungulia njia kama ambulansi."

"Si ndivyo daktari alivyotaka?"

"Daktari ni daktari. Wewe hujui mpira, Mathe."

"Na nahodha wenu? Si uliniambia naye amevaa nyekundu?"

"Nahodha ana miaka thelathini na tano! Si ndiyo maana? Anatuacha pamoja."

Anayetaka kumwelewa lazima aujue mpira wa kwetu Kimilili. Kwetu kocha hamwambii mchezaji waziwazi kwamba amemwacha. Ni aibu, na kesho atakutana na mamake sokoni. Kwa hiyo humwonea huruma kwanza. "Pumzika kidogo, kijana. Leo usikimbie sana." Ukiambiwa pumzika mara ya pili, unakusanya viatu vyako mwenyewe na hakuna mtu anayeuliza. Dancan alikulia humo. Aliwaona wakubwa zake wakihurumiwa mmoja mmoja hadi nyumbani. Sasa Mtunisia wa watu, ambaye hajawahi kufika Kimilili, alikuwa anamhurumia kila siku mbele ya timu nzima.

"Muulize basi," nikamwambia.

"Huwezi kumuuliza mtu kama amekuacha, Mathe."

Na hilo nalo, kwetu, ni kweli. Nikamwambia avae nyekundu yake anyamaze, nikakata simu, maana maziwa yalikuwa yanafurika.

Haikupita muda dada yake Madam Hanan akawa anaolewa huko Riyadh. Madam akasema tutakwenda pamoja, nimsaidie na watoto nyumbani kwa mamake. Sikumwomba. Alisema tu, "Utamwona mwanao," kisha akaendelea kutafuta miwani yake. Nimefanya kazi kwa watu ambao hawakujua kama nina mtoto. Huyu analijua jina lake.

Ijumaa asubuhi nyumba ile hulala mpaka jua liwe juu. Niliamka alfajiri, nikapika chapati, nikaacha kiamsha kinywa cha watoto mezani, nikachukua teksi kwenda Al-Murabba. Ndugu yangu mdogo, Naftali, ni mlinzi wa jengo moja la ofisi huko. Mpango wangu ulikuwa kunywa chai naye, halafu tumfuate Dancan hosteli ya klabu, tumshtue.

Nilimkuta mlinzi mwingine kwenye kiti chake.

"Naftali yuko nyuma, mama. Ijumaa si tunacheza mpira kabla jua halijawaka? Na leo usikose, wana mchezaji wa kulipwa kabisa. Mpwa wake!"

Nikamwachia mfuko wa chapati. Sikumbuki kama nilimuaga.

Nyuma ya nyumba za wafanyakazi kuna kiwanja kitupu, changarawe tupu, mawe mawili kila upande ndiyo magoli. Wakenya wa mtaa ule hucheza hapo: walinzi na madereva upande mmoja, watu wa mjengo upande mwingine. Nilipopinda kona ya ukuta nilimwona Dancan akiupokea mpira, mgongo wake umegeukia goli. Na nilimwona mtu mwingine akija nyuma yake, kifua kama mlango wa godauni. Yule mtu hakupunguza mwendo. Bega likaingia, Dancan akaruka pembeni, na kichwa chake kikagonga changarawe. Nilisikia.

"Mkaribishe, Dalmas!" mmoja akapiga kelele.

"Mwambie hapa si televisheni!"

"Amka, profesheno! Huku hakuna refa wa kukubembeleza!"

Walikuwa wanacheka, na Dancan naye, akiwa angali chini, alikuwa anacheka. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya harusi.

"Mama, toka, mpira unaendelea," yule Dalmas akasema.

"Umekwisha."

"Umekwishaje na sisi tuko nyuma goli moja?"

"Halas ni halas. Wewe, Naftali! Njoo hapa."

Ndugu yangu akaja akijikokota. Ana ndevu za mvi lakini alitembea kama mtu aliyeiba nyama jikoni.

"Dada, karibu. Hukuniambia unakuja."

"Wewe ni mjomba wake. Mjomba ndiye anayemwekea mtoto mkono wa baraka. Umemleta hapa wamvunje kichwa?"

"Alikuja mwenyewe. Alisema anataka mpira wa kweli."

"Na wewe ukasahau mwezi wa tatu?"

Dalmas alitutazama kwa zamu. "Mwezi wa tatu kulikuwa na nini?"

Nikawaeleza kwa kifupi, kichwa, ubongo, mahindi, fulana nyekundu. Kicheko kikaisha. Dalmas akavua kofia yake na kuikunja mkononi.

"Mama Dancan, haki sikujua. Yeye ndiye aliniambia nije kwa nguvu. Alisema, 'Nikabe kama unanichukia.' Mimi hata simchukii."

"Mathe, mimi ni mzima," Dancan akasema. Alikuwa amesimama sasa, vumbi kwenye sikio. "Niligonga kidogo tu."

Nina diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli kutoka chuo cha Kisumu, na jambo moja walilotufundisha vizuri ni kwamba hakuna nyama iliyooza kidogo. Nikamwambia hivyo.

"Kaa chini. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Mjomba wako anaitwa nani?"

"Mathe, jamani."

"Jibu."

"Naftali. Na leo anakuonea aibu."

Akili ilikuwapo. Nikamkalisha kwenye kivuli cha ukuta, nikatoa simu. Jina la daktari lilikuwa juu kabisa. Dancan alipoliona akanishika mkono.

"Usimpigie."

"Kwa nini?"

"Kuna sharti. Nikicheza nje ninafukuzwa. Mathe, nikifukuzwa ikama inakufa, sina tena kibali cha kukaa, ninarudi Kimilili kuendesha boda. Kichwa hakiumi. Naapa hakiumi. Tukinyamaza, hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Wewe ni mamangu!"

"Ndiyo maana."

"Subiri hata kesho. Kikiuma kesho, tunampigia."

Sitasema uongo kwamba haikunigusa. Nilijua kazi ile ilipatikana vipi, nilikuwapo. Nilijua pia kwamba huko klabuni hakuna anayemjua Dancan isipokuwa kama miguu na kichwa, na leo tungewaletea kichwa kilichogongwa kwa makusudi. Mwanamke mwingine angeamua vingine na nisingemlaumu. Lakini kazi ikienda, mtu hutafuta nyingine. Kichwa hakitafutwi. Nikabonyeza jina la daktari.

Akapokea simu ilipolia mara ya pili. Nikamweleza bila kupamba: amecheza nje, ameangushwa, amegonga chini, anajua leo ni Ijumaa. Akasema nimlete klabuni sasa hivi, asikimbie, asilale. Kocha atakuwepo.

Kisha nikampigia Madam, nikamwamsha. "Madam, mwanangu ameumia. Nitachelewa."

"Ameumia wapi? Kichwa tena?" Nikasikia akiketi kitandani. "Nenda. Watoto nitawalisha mimi. Yalla, nenda!"

Dereva mmoja wa timu ya Naftali akatutolea gari. Dancan akakaa nyuma, uso dirishani. Mlango wa pili ukafunguliwa na Dalmas akaingia, akajibana pembeni yake na viatu vyake vya kazi.

"Wewe unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kusema ni mimi."

"Hakuna aliyekuita."

"Mama, tulikuwa na kijana hapa anaitwa Kevin. Fundi wa mabomba. Goti lake lilikwenda hapo hapo kwenye changarawe, Ijumaa kama hii. Kafili, yule tajiri aliyemleta, akasema mtu wa mguu mmoja hana kazi naye, akampandisha ndege. Aliyemkata goti hakusema kitu. Sisi sote hatukusema kitu." Akatazama mikono yake. "Twende tu."

Sikuuliza kama aliyemkata alikuwa ni yeye. Nikampa chupa ya maji.

Klabuni daktari alimchukua Dancan ndani. Akamwangalia macho, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akampa maneno ya kukumbuka na kuyarudia. Mimi na Dalmas tulikaa kwenye benchi la nje kama wagonjwa wa kliniki. Kocha Mourad akaja amevaa kandambili, mtu mwembamba, kope nzito, hajanyoa. Nahodha alikuwa naye, fulana nyekundu mkononi; alikuja kufanya mazoezi peke yake.

"Nani mama?" kocha akauliza kwa Kiarabu.

Nikasimama. Dalmas naye akasimama haraka, akajipiga bega. "Ana!" akasema, yaani mimi. Kiarabu chake ni cha mjengo. "Ana. Bega. Dancan chini. Dancan mafi makosa." Alitaka kusema Dancan hana makosa.

Kocha akamtazama kutoka juu mpaka chini, akanigeukia mimi. "Huyu ni nani?"

"Ndiye aliyemwangusha. Amekuja mwenyewe."

"Mtu wa namna hii nilimtafuta msimu mzima pale nyuma," nahodha akasema, na angalau mtu mmoja akacheka. Kocha hakucheka.

Dancan akatoka na daktari. Daktari akasema haoni dalili mbaya, asante Mungu, lakini hesabu ya kupona inaanza upya tangu leo. Kocha akaketi mbele ya mwanangu na kuuliza swali moja, nami nikalifasiri.

"Anauliza, kwa nini?"

Dancan akatazama sakafu. "Mwambie nilijua ameniacha. Nilitaka kuona kama bado naweza."

Nilipolisema hilo kwa Kiarabu kocha aliomba nirudie, kama mimi nilivyomwomba daktari siku ile. Nikarudia. Nikaongeza yale ya Kimilili, jinsi huruma ya kocha ilivyo barua ya kufukuzwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaichukua ile fulana nyekundu mkononi mwa nahodha na kuiweka magotini pa Dancan.

"Wale ninaowaacha wagongane sasa," akasema, "baadhi yao sijui kama nitawabakiza. Ninawapima. Wewe sina haja ya kukupima. Nilishatazama mechi zako zote. Hii nimewapa watu ambao nikiwakosa ligi ikianza, sina timu. Nahodha, wewe, na kipa. Ungeniuliza ningekuambia."

"Kwao hawaulizi," nikamwambia.

"Basi hapa tunauliza."

Nilipomwambia nahodha kwamba na yeye alidhaniwa ameachwa, alishika kiuno. "Mimi? Kwa sababu ya umri? Mwambie ligi ikianza atanikuta katikati, na atakimbia kuliko mbwa."

Dancan alijaribu kucheka, ikashindikana, akajifunika uso kwa ile fulana. Nilimwacha. Ana miaka ishirini na tatu na alikuwa amebeba peke yake kitu ambacho hakikuwepo.

Kocha hakumsamehe bure. Alisema sharti ni sharti; hatakwenda kambini Abha na wenzake, na mechi za mwanzo atazitazama kutoka jukwaani. Nafasi yake atapewa mwingine, na huyo mwingine akicheza vizuri, Dancan atalazimika kuigombania. Lakini hafukuzwi. "Mchezaji aliyeficha kichwa chake siwezi kufanya kazi naye," akasema. "Cha huyu kimeletwa kabla sijakitafuta."

"Kimeletwa na mama," daktari akasema.

"Nimeona kimeletwa na nani."

Nikawashukuru. Niliwashukuru wote kwa majina, kocha, daktari, nahodha, kwa Kiarabu changu chote, na Dalmas nikamshukuru kwa Kiluhya, maana kuna shukrani ambazo hazivuki lugha vizuri. Alitaka kujua kama amepata kazi ya ubeki. Nikamwambia arudi mjengo.

Nilifika nyumbani kwa mamake Madam mchana. Madam Hanan alikuwa jikoni, unga mpaka kwenye nyusi, mtoto mdogo kiunoni. Alikuwa ameunguza sufuria mbili.

"Yuko mzima?"

"Mzima, Madam."

"Alhamdulillah. Chukua mtoto."

Nikachukua mtoto.

Ijumaa iliyofuata, tukiwa tumesharudi Jeddah, Naftali alinitumia ujumbe wa sauti akilalamika kwamba Dalmas amegeuka mchungaji. Kila anayeingiza bega anatolewa nje na kuoshea timu jezi. "Dada, mechi imeisha sare tasa! Watu wazima wanaombana radhi uwanjani!" Nyuma ya sauti yake nilisikia wengine wakibishana iwapo kiwiko ni bega. Hakuna aliyevunjika, akasema, na Jumamosi wote walikwenda kazini. Nilimwambia hiyo ndiyo habari niliyoitaka.

Dancan hupiga simu jioni. Wenzake wakiwa Abha, yeye alibaki Riyadh na daktari, akitembea, baadaye akikimbia polepole, baadaye na mpira. Walipotoka kambini wakacheza mechi ya kujipima, na kocha akamkalisha jukwaani.

"Yule aliyepewa namba yangu ana mguu wa kushoto mzuri sana, Mathe. Itanibidi nitoke jasho."

"Utatoka."

"Nilimuuliza kocha kama bado ananihesabu."

Nikasimamisha kisu juu ya kitunguu. "Ulimuuliza mwenyewe?"

"Kwa Kiarabu changu kibovu. Mbele ya watu."

"Akasemaje?"

"Akasema ndiyo. Akasema nisimuulize tena mpaka Jumapili, ana kazi." Akacheka, kicheko chake cha zamani, chenye mkoromo mwishoni. "Unalia?"

"Ni kitunguu," nikamwambia, na kweli kilikuwa kitunguu, lakini si kitunguu peke yake.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Nenda ukale."